Rangi ya Fedha Juu ya Kutu

Wiki yangu ya kwanza kazini nilichomeka bisibisi kwenye bomba la moshi la kituo chetu cha umeme, ikazama hadi kwenye mpini. Sikutumia nguvu. Nilitaka tu kukwangua rangi nione chuma kiko katika hali gani, na chuma hakikuwepo. Kulikuwa na rangi ya fedha, mpya, inayong'aa, na nyuma yake unga wa kahawia ulioshikana kwa mazoea tu.

Nilimwita meneja. Alikuja amevaa kofia ngumu nyeupe ambayo haikuwa na hata mkwaruzo mmoja, akaitazama bisibisi, kisha akanitazama mimi.

"Injinia, mbona unaharibu rangi?"

Ndivyo tulivyojuana, mimi na yeye.

Kituo chenyewe kilikuwa mali ya kiwanda cha saruji, ukitoka Kitengela kwenda Kisaju, mahali ambapo ploti zilikuwa bado hazijaota nyumba. Wenye kiwanda walichoka kukatikiwa na umeme wa kawaida wakajijengea wao wenyewe, wa kuchoma makaa ya mawe. Makaa yakiungua yanatoa moshi mchafu, kwa hiyo moshi unapitishwa kwanza kwenye nyumba ya mifuko mirefu inayokamata majivu, halafu unaingia katika bomba pana ambalo mtu anaweza kutembea ndani yake bila kuinama, halafu unaoshwa kwa maji ya chokaa ndani ya mnara, na mwisho unatoka juu kwenye dohani ukiwa na adabu kidogo. Kutunza vyombo hivyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Nilikuwa nimetoka viwanda vya sukari huko kwetu Magharibi, ambako nilipigana na kutu kwenye maboila kwa miaka, na nilidhani naijua kutu. Sikuwa nimekutana na kutu iliyo na mlezi.

Nitaeleza jambo lenyewe mara moja tu. Meneja nilimweleza mara nyingi kuliko hivyo, na ninyi mna faida kumshinda kwa sababu mnasikiliza.

Makaa ya mawe yana salfa ndani yake. Yakiungua, salfa inageuka gesi. Gesi hiyo ikiwa bado moto sana inapita zake ndani ya bomba bila kumsumbua mtu. Lakini ikipoa kabla ya kufika inakokwenda, inaungana na mvuke na kutoka jasho kwenye ukuta wa bomba, na jasho hilo ni asidi, ndugu wa ile iliyo kwenye betri ya gari. Asidi haina sikukuu. Dawa yake si siri: usiliache bomba lipoe. Livalishe blanketi la pamba ya kuzuia joto, na juu ya blanketi uweke mabati mepesi ya kuzuia mvua. Ziba kila mlango unaovuta hewa baridi. Ukitaka kuuzima mtambo, pitisha kwanza hewa safi ya moto ifukuze ile gesi yote, ndipo uzime. Na kule ndani ya mnara, ambako lazima kulowe, funika chuma kwa mpira mzito ili maji yasikiguse kabisa.

Sisi tulifanya nini? Kila Jumamosi tuliuzima mtambo ili kupunguza gharama, bomba likiwa limejaa gesi, tukaenda nyumbani, na gesi ikabaki mle ndani ikipoa na kutoka jasho mpaka Jumatatu. Mabati ya juu ya blanketi yalikuwa yameondoka kipande kwa kipande, na hakuna aliyejua yalikokwenda, ingawa huko mtaani Kitengela hatukuwahi kukosa sufuria za bei rahisi. Pamba yenyewe ilinyeshewa mpaka ikawa kama godoro la mtoto anayekojoa. Na kila wakaguzi wa kukodiwa walipotarajiwa kutoka Nairobi, meneja aliagiza rangi.

Aliipenda rangi ya fedha kwa mapenzi ya kweli. Alisimama chini ya ngazi akiwaelekeza wapakaji kwa kidole, "Hapo, hapo pia, hapo mmeruka," kama mama anayempaka mtoto mafuta kabla ya kwenda kanisani. Nilimwambia rangi ile haifanyi kazi yoyote, kwa sababu bomba linaliwa kutoka ndani.

"Injinia," akasema, "hao wageni wanaingia ndani?"

"Hapana."

"Basi."

Alikuwa amesomea biashara, na sina ugomvi na biashara. Ugomvi wangu ni na mtu anayeamini kwamba kitu kisichoonekana hakijatokea.

Mtu wa pekee ambaye meneja hakuweza kumpaka rangi alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa Kimaasai, mjane, ambaye ndiye aliyeiuzia kampuni ile ardhi. Aliuza sehemu tu. Iliyobaki ilituzunguka pande tatu, na hata barabara ya malori ya makaa ilipita kwake kwa makubaliano. Alikuwa na nyumba kubwa ya mabati meupe, pikapu aliyoiendesha mwenyewe, na simu ambayo haikuacha kulia kwa sababu alikuwa akiuza ploti kwa watu wa kila kabila. Siku ya kwanza kukutana naye getini nilitaka kuonyesha heshima. Nilikuwa nimefundishwa salamu na muuza maziwa wa mtaani kwetu.

"Takwenya, yeyo," nikasema.

"Iko," akaitikia kwa lugha yake, akanitazama kutoka viatuni hadi kofia. "Lakini hiyo Kimaasai yako iko na kutu kama bomba lenu."

Nilimpenda hapohapo. Nyuma ya pikapu alikuwa amebeba gata ya nyumba yake, ule mchirizi wa bati unaokinga maji ya paa. Alinionyesha jinsi ilivyoliwa matundu upande uliotazama dohani yetu, na ule wa pili ukiwa bado mzima. Maji ya kunywa aliyavuna kutoka juu ya paa lile. Akaibeba gata mwenyewe mpaka ofisini kwa meneja, akaiweka juu ya meza, ikamwaga unga wa kutu kwenye kompyuta.

Meneja hakuuliza gata imeliwa na nini. Alimpa mifuko ya saruji. Mama akaipokea, akajengea ukuta, na mwezi uliofuata akarudi tena na kipande kingine. Akapewa saruji nyingine. Mwisho alikuwa na ukuta ambao ungetosha kuzunguka mji wa Kajiado, na paa bado likaendelea kuliwa. Meneja aliuita mpango huo uhusiano mwema na jamii, na alikuwa na picha zake ukutani.

Kisha mnara wa kuosha moshi ukaanza kuvuja. Mpira wa ndani ulikuwa umebambuka, kwa hiyo maji ya asidi yakawa yanakula chuma moja kwa moja. Niliomba mpira mpya. Badala yake meneja alikuja na mtu mmoja mwenye suti ya bluu na viatu vyenye ncha, ambaye nilielezwa kuwa ni mtaalamu wa chuma. Alikuwa muuzaji. Tofauti hiyo ni ndogo tu kwa mtu asiyehitaji mtaalamu.

"Tunaweka stenlesi," meneja akatangaza. Alimaanisha chuma kile kinachong'aa cha masinki na sufuria nzuri. "Hiyo haishiki kutu. Kazi kwisha."

"Inategemea maji," nikasema.

"Maji ni maji, madam," akasema mwenye suti.

Sasa, yeyote aliyeishi Kitengela hata mwezi mmoja anajua kwamba maji si maji. Maji yetu yanatoka kwenye visima virefu na yana chumvi. Sabuni inakataa kutoa povu. Birika linaota gamba jeupe. Mfereji mpya wa bafuni unabadilika sura kabla hujamaliza kuusifu, na ile stenlesi ya sinki la mpangaji inaota madoa na vitundu kama imechomwa sindano. Watu wananunua maji ya kunywa kwa mitungi. Meneja mwenyewe alikuwa na mashine ya kuchuja maji nyumbani kwake, na alikuwa akiisifu kila tulipokunywa chai. Nilimweleza kwamba mnara wetu unatumia maji yaleyale ya kisima, kwamba yanazunguka humo kwa siku nyingi huku mvuke ukiondoka na chumvi ikibaki, na kwamba stenlesi ya bei ile haiwezi kuvumilia chumvi na asidi pamoja. Haitaoza kwa kuchubuka kama chuma cha kawaida. Itatoboka, kitundu kimoja kimoja, mpaka iwe kichungi.

Meneja alitabasamu kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

"Injinia, mbuzi wa hapa wanakunywa maji hayo kila siku. Kama hayajaua mbuzi, yataua chuma?"

Mwenye suti alicheka. Ili nimjibu ningelazimika kwanza kueleza tofauti kati ya mbuzi na bamba la chuma.

Stenlesi ikawekwa. Mbuzi akachinjwa kweli, si kwa majaribio bali kwa sherehe, tukala nyama choma chini ya hema huku mwenye suti akituambia chuma hicho kitatuzika sote. Aliyechomelea yale mabamba alikuwa fundi wetu wa siku nyingi, mwanamume wa Central, upande wa Mlima Kenya, mwenye maneno mengi na shamba dogo la vitunguu Kisaju. Alikuwa akiniletea vitunguu kila akivuna na hakukubali nimshukuru. Alisema vinaoza tu nyumbani. Siku ile alikuwa anakula mbavu karibu nami.

"Madam, mbona hufurahi? Nimeshona vizuri."

"Umeshona vizuri sana," nikamwambia. "Kitambaa ndicho kibovu."

"Hiyo ni shida ya mwenye nguo," akasema, akaenda kuongeza kachumbari.

Hata mwaka haukuisha. Vitundu vilianza kama chunusi, vyekundu pembeni, kisha mnara ukaanza kutoa machozi. Maji ya asidi yalidondoka tone kwa tone juu ya jukwaa la chuma cha kawaida ambalo mafundi husimama wanapofanya kazi pale juu. Meneja alipoarifiwa kwamba jukwaa limeanza kubadilika rangi, mnajua alichofanya. Likapakwa. Rangi ya fedha, tabaka mbili.

Nilipanda, nikaligonga kwa nyundo, likatoa sauti ya kopo tupu. Nikafunga utepe mwekundu na mweupe kwenye ngazi, nikawaambia mafundi wote waliokuwepo, na meneja pia, kwamba asipande mtu mpaka tulibadilishe. Meneja alikubali kwa kichwa, maana alikuwa kwenye simu.

Kilichofuata sikuamini nilipoelezwa, na bado nikikieleza huwa naona watu wananitazama kama ninatia chumvi. Kampuni ilikuwa inatengeneza kalenda. Mpiga picha alikuja asubuhi kupiga kituo chetu, jua likiwa zuri, mnara unang'aa, na utepe wangu ukawa unaharibu picha. Meneja akaagiza utolewe. Ukatolewa. Picha ikapigwa. Hakuna aliyekumbuka kuurudisha, kwa sababu hakuna aliyedhani una kazi nyingine zaidi ya kuharibu picha.

Fundi alikuwa likizo nilipotoa onyo langu. Alirudi siku hiyohiyo ya kalenda, akakuta orodha ya vitundu vinavyongoja viraka, akabeba vifaa vyake, akapanda ngazi isiyo na kizuizi.

Mimi nilikuwa chini, karibu na pampu. Nilisikia sauti kama mtu amekanyaga kreti, halafu kelele moja fupi, halafu vyuma vikianguka. Mguu wake ulikuwa umetoboa jukwaa, na jukwaa likampitisha mwili mzima mpaka kwenye sakafu iliyofuata. Nilipomfikia alikuwa amelala ubavu, kofia yake imefika mbali, mguu wa kulia umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki, chini ya goti. Alikuwa anajaribu kuketi.

"Usiketi," nikamwambia. "Baki hivyo. Nimekushika."

"Madam, nilikanyaga vizuri," akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Nilikanyaga katikati kabisa. Angalia. Nilikanyaga katikati."

"Najua."

"Wataniuliza nilikuwa naangalia wapi."

Nilimshika kichwa hadi gari la wagonjwa lilipofika. Vipande vya rangi ya fedha vilikuwa vimemganda kwenye nywele na kwenye shavu, na nikawa navitoa kimoja kimoja kwa kucha kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi ya kufanya. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Hasira nyingine huwa zinapiga kelele. Ile ilikuwa imetulia tuli, na ilijua jina la mtu.

Fundi alikuwa amebashiri vizuri. Siku mbili baadaye wafanyakazi wote tuliitwa uwanjani. Meneja alisimama juu ya kreti, akasema kampuni inamwombea mwenzetu apone haraka, akasema usalama unaanza na mimi na wewe, na kwamba ajali nyingi husababishwa na mtu kutoangalia anapokanyaga. Halafu, kwa ujasiri ambao hadi leo unanishangaza, akasema: "Injinia atatueleza kidogo namna ya kutembea kwa uangalifu tukiwa juu."

Nilikuwa nimebeba kipande cha lile jukwaa ndani ya mfuko wa karatasi. Sikuwa nimepanga hotuba. Nilikuwa nikikipeleka kukipima unene. Nilikitoa, nikakishika mbele ya watu wote kwa mikono miwili, nikakivunja. Kilivunjika kama biskuti, na sauti yake ikasikika hadi kwa watu wa nyuma.

"Mwenzetu alikanyaga hapa," nikasema. "Nani kati yenu anajua kutembea juu ya hiki? Aje anifundishe, nami nitawafundisha wengine."

Meneja alishuka kwenye kreti. Mchana huohuo nilihamishiwa stoo, ambako kazi yangu ilikuwa kugawa buti, glavu na kofia ngumu. Meneja aliniambia ni nafasi ya kuonyesha kipaji changu upande wa usalama. Alilisema hilo bila hata kupepesa jicho, nami nikamjibu kwamba angalau stoo kuna kitu kizima cha chuma, kufuli.

Mume wangu, ambaye ni mwalimu na mtu wa amani, alinishauri niandike barua ya kuacha kazi. Nilikataa. Sikuwa tayari kumwachia mtu yule furaha hiyo. Nikagawa buti.

Na huku mnara ukiwa umesimamishwa kwa matengenezo, mtambo haukusimamishwa. Walifungua mlango wa pembeni moshi ukawa unaenda moja kwa moja kwenye dohani bila kuoshwa. Upepo wa pale hauna mpangilio; siku nyingine ulitupelekea moshi wetu Kitengela, lakini zaidi uliushusha kwa jirani. Meneja kwa wakati huo alikuwa ameamua kwamba ukuta wa yule mama umekamilika, kwa hiyo saruji imekwisha.

Asubuhi moja malori ya makaa hayakufika. Nilitoka stoo na wengine tukaenda getini kutazama. Mama alikuwa ameegesha pikapu yake katikati ya barabara, kwenye ardhi yake, kimshazari. Ameketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, chupa ya chai miguuni, anazungumza kwenye simu kuhusu ploti ya kona. Nyuma yake malori yalikuwa yamejipanga hadi barabara ya Namanga, na madereva wameshashuka wanakula mahindi ya kuchoma.

Meneja alienda mbio. Nilimfuata ili nisikose.

"Mama yetu," akaanza, "tungeongea tu ofisini. Saruji iko, leo leo nakuletea."

"Saruji yenu nimeshiba," mama akasema, bila kuondoa simu sikioni. "Nataka mwenye kampuni."

"Mimi ndiye namwakilisha."

"Wewe ni wa kupaka rangi." Akageuza kiti, akampa mgongo na kuendelea na ploti ya kona.

Alikaa pale siku nzima, na siku iliyofuata akaja na dada zake. Lundo letu la makaa likaanza kuonyesha ardhi. Hapo ndipo mwenye kampuni alipokuja, mzee mkimya wa sweta na kandambili, ambaye nilikuwa nimemwona kwenye picha tu. Nisidanganye kwamba alikuja kwa sababu ya mguu wa fundi au paa la mjane. Swali lake la kwanza aliposhuka kwenye gari lilikuwa makaa yaliyobaki yatatosha mpaka lini. La pili lilikuwa nani hapa anajua habari za moshi huu. Watu wakatazamana, mlinzi wa geti akasema, "Huyo yuko stoo, anagawa buti."

Mzee alikuja stoo mwenyewe. Nilimvalisha kofia na buti, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu, nikampeleka kwenye bomba. Nilimwambia achague mahali popote penye rangi nzuri asukume kwa ufunguo wa gari lake. Akasukuma. Ufunguo ukaingia, na nyuma yake ukafuata mchuruziko mwembamba wa maji ya kahawia uliomchafulia sweta.

Alijitazama sweta, kisha akanigeukia.

"Mbona sikuambiwa?"

"Uliambiwa kuna rangi mpya, mzee."

"Rangi niliilipia," akasema polepole, akiuangalia ufunguo. "Kila mara niliilipia."

Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu. Alisema hivi, nami nayanukuu maneno yake kamili kwa sababu yanastahili: "Ndiyo maana nilikuwa nashauri siku nyingi tuangalie ndani."

Mzee alikwenda akaketi na mama chini ya mwavuli. Walizungumza kama watu wawili wenye mali, bila haraka na bila kupendana, na aliporudi alikuwa ameahidi paa jipya, gata mpya, na kwamba moshi hautatoka tena bila kuoshwa. Mama akaondoa pikapu. Alinipita getini akateremsha kioo.

"Wewe wa Magharibi, sasa tengeneza. Sitaki kurudi kukaa juani."

Tukatengeneza. Hiyo ndiyo miezi ambayo sina dharau nayo. Tulizima mtambo wote kwa utaratibu, tukakata bomba lililooza, tukaweka jipya, tukalivalisha pamba nene na mabati yaliyobanwa kwa ribiti, vile vipini vya chuma visivyofunguka, ili yasitembee. Milango ilipata mpira mpya wa kuzuia hewa. Ile stenlesi ya sherehe ilitolewa ikiwa imetoboka hata mtu angeweza kusoma gazeti kupitia vitundu vyake, na mwenye suti ya bluu akawa hapokei simu. Ndani ya mnara tulikisugua chuma kwa mchanga unaopulizwa kwa nguvu mpaka kikawa cheupe, tukakivalisha mpira mzito, na nikaukagua kila mshono kwa mkono wangu. Maji ya kisima yakaanza kuchujwa chumvi kabla ya kuingia. Na kila wakati wa kuzima, hewa ya moto ilipitishwa kwanza, kwa saa zote zinazohitajika, hata meneja alipolalamika kwamba ni kuchoma makaa bure.

Nilipoingia ndani ya bomba mwaka uliofuata, lilikuwa kavu. Nilipangusa ukuta kwa kitambaa cheupe kikatoka na vumbi la kijivu tu. Niliketi mle ndani kidogo, peke yangu.

Fundi hakurudi kwetu. Mguu ulipona ukabaki mfupi kidogo. Kampuni ilitaka kumpa pole na kapu la matunda, lakini wafanyakazi waligoma kula chakula cha kampuni mpaka alipwe haki yake, na akalipwa. Alifungua karakana yake Kitengela, anatengeneza mageti ya watu wanaojenga, mageti makubwa yenye simba wa bati. Nilimtembelea akanionyesha simba mmoja mwenye tabasamu lisilo na akili.

"Huyu nimemtengeneza bila picha," akasema, "lakini kila mtu aliyefanya kazi kule anamtambua."

Na meneja? Mnaotarajia alifukuzwa hamjawahi kuajiriwa. Alipandishwa cheo akapelekwa makao makuu Nairobi, awe mkuu wa mambo ya mazingira. Punde nikaalikwa kwenye mkutano wa watu wa mitambo, katika hoteli yenye zulia nene, nikamkuta jukwaani anahutubia juu ya kupambana na kutu katika vyombo vya kusafisha moshi. Picha za bomba langu zilikuwa nyuma yake, kubwa kama ukuta. "Tuligundua," alisema. "Tukaamua." "Tukachukua hatua kwa wakati." Alisema salfa mara nyingi na kila mara alionekana kuogopa kwamba itamjibu.

Muda wa maswali ulipofika, mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alimwuliza gesi hiyo hupoa kiasi gani ndipo igeuke asidi, na wao walijuaje kwamba tatizo liko hapo. Meneja alikunywa maji. Akatazama watu, akaniona.

"Swali zuri sana. Injinia wangu yuko hapa, atalijibu."

Wakaniletea kipaza sauti. Nilijibu swali la joto kikamilifu, kwa sababu mwanamke yule alikuwa anaandika na pengine alikuwa na bomba lake la kuliokoa. Kisha, badala ya kurudisha kipaza sauti, nikaeleza tulivyojua. Nikaeleza utepe, na kalenda, na jukwaa lililopakwa tabaka mbili, na mahali ambapo mguu wa mwenzetu ulivunjikia. Nikaeleza habari za mbuzi na maji ya kisima. Nikaeleza nilikokuwa siku ambayo mwenye kampuni alinitafuta. Mwenyekiti alionyesha saa yake na sikuiona. Sikumtaja meneja kwa jina, wala sikumtazama. Haikuwa lazima, watu walikuwa wanamtazama kwa niaba yangu.

Nilipoketi yule mwanamke wa mbele akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata. Pale jukwaani, mbele ya picha ya bomba langu, meneja naye alikuwa anapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote, huku akitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu aliyesikia habari za mjinga fulani wa mbali.